Breki za Roadster 1.8 kwenye gari la 1.6: zinafaa Malindi?

Tunapima hapa seti moja: diski, breketi na pedi za Mazda Roadster ya injini ya 1.8 zifungwe kwenye Roadster ya 1.6, pamoja na mipira ya breki (mabomba laini yanayopeleka mafuta kwenye magurudumu) iliyosukwa kwa waya, mafuta mapya ya breki na chupa ya presha ya kutolea upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mafuta hayo. Kwa asiye na muda wa kusoma yote: diski ni nzuri, zinaingia bila kuchomelea chochote, lakini gari linalolala Malindi lina mambo matatu ya kugharimia kabla yake. Kwanza mafuta, halafu kalipa za nyuma, yaani vile vibano vinavyobana pedi kwenye diski, halafu mipira. Wengi wakimaliza hayo matatu huona gari limepata breki, na hamu ya diski kubwa inaisha yenyewe.

Roadster hii ndiyo ile ile MX-5 au Miata, iliyooneshwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989, na Japani ikauzwa kwa jina la Eunos. Ya kizazi cha kwanza ilikoma 1997. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, zilizopo ni zile zile zilizoingia zamani, na kila moja imeshapita mikono mingi. Kwa hiyo kabla ya kuagiza chochote, fungua boneti usome namba ya chasisi. NA6CE ni 1.6. NA8C ni 1.8, na huyo tayari ana diski hizi kubwa kutoka kiwandani. Halafu usiamini namba peke yake, pima diski yenyewe, maana katika miaka thelathini fundi yeyote angeweza kufunga chochote.

Vipimo ni hivi. Gari la 1.6 lina diski za mbele za kipenyo cha 235 mm zenye matundu ya hewa katikati, unene 18 mm, na za nyuma ni bapa, 231 mm kwa 9 mm. La 1.8 lina 255 mm mbele, unene 20 mm, na nyuma 251 mm kwa 9 mm. Kalipa na pistoni zake hubaki zile zile. Kinachofanya kazi yote ni breketi, yaani kile chuma kinachoshika kalipa kwenye nakali, mkono wa chuma unaobeba gurudumu: ya 1.8 inaisogeza kalipa nje milimita kumi ili ipande juu ya diski kubwa. Uzuri wa mpango huu uko hapo. Pistoni haikubadilika, basi kiasi cha mafuta kinachosukumwa ni kile kile, masta ya breki, pampu inayosukumwa na pedali, haiguswi, na pedali haishuki zaidi ya ilivyokuwa. Rimu za inchi 14 nazo zinabaki, kwa sababu gari la 1.8 lenyewe lilitoka kiwandani na rimu za kimo hicho. Zile diski kubwa zaidi za Roadster ya kizazi cha pili, 270 mm mbele na 276 mm nyuma, zinadai rimu za inchi 15, na hapo gharama inaanza kuzaa gharama.

Unapata nini sasa? Pedi inashika mbali zaidi na kitovu cha gurudumu, kwa hiyo kwa kanyago lile lile nguvu ya kusimamisha inaongezeka kama sehemu moja ya kumi. Ni ongezeko la kweli, ila atakayekuahidi breki kali maradufu anakuuzia maneno. Faida kubwa iko kwenye joto. Chuma kimeongezeka, na chuma kingi kinameza joto jingi kabla pedi hazijaanza kuteleza.

Joto lenyewe utalipata wapi Malindi? Mji ni tambarare. Kutoka hapa hadi Mombasa ni kilomita 120 hivi, na katika safari yote hiyo unakanyaga breki mara nyingi lakini kwa mwendo mdogo: tuta, tuktuk, boda, ng'ombe, tuta tena. Gari lenyewe halifiki tani moja, la 1.6 lina kilo 940 hivi. Diski za 235 zinayabeba haya bila kutoka jasho. Zinapochoka ni kwenye mteremko mrefu, kama kushuka Mazeras ukirudi kutoka bara huku umefungwa nyuma ya malori, au kwenye mashindano. Kama gari lako hupanda Nairobi mara kwa mara, au unalikimbiza, nunua seti. Kama safari yake ndefu ni Watamu siku ya Jumapili, endelea kusoma kabla hujatoa pesa.

Likinunuliwa, linunuliwe lote. Kuna wanaofunga diski za mbele tu na kuacha za nyuma kama zilivyo, wakidhani wameokoa nusu ya bei. Kinachotokea ni kwamba mbele panashika zaidi kuliko mizani aliyoipanga Mazda, matairi ya mbele yanafunga mapema barabara ikiwa na mchanga au maji, na nyuma panabaki kuvutwa tu. Za 1.8 zilikuzwa mbele na nyuma kwa kiasi kile kile, milimita ishirini za kipenyo mbele na ishirini nyuma. Kwa hiyo hesabu breketi unapopokea mzigo: mbili za mbele, mbili za nyuma. Za nyuma ndizo zinazokosekana kwenye seti za mtumba, na muuzaji atakwambia hazihitajiki.

Breketi za mtumba hazina ubaya zikikaguliwa. Ingiza pini, ile fimbo ambayo kalipa huteleza nayo, ikiwa kavu kwenye tundu lake kwa mkono: iteleze na kuzunguka bila kukwama. Ikigoma, ndani kuna kutu, na kutu ikishakula tundu, grisi yoyote utakayoweka ni ya wiki mbili. Angalia pia hesi za boliti, na pale pedi inapokaa pawe pamesuguliwa mpaka chuma cheupe. Bati la nyuma ya diski, lile la kuzuia tope, la gari la 1.6 ni dogo, na ukingo wake huenda ukagusa diski mpya. Likunje kidogo kwa koleo au lipunguze. Zungusha diski kwa mkono kabla ya kurudisha tairi, utasikia kama kuna mkwaruzo.

Pedi za 1.6 usizirudishe kwenye breketi za 1.8, nunua zilizoandikwa za 1.8. Na hapa hali ya hewa yetu ina neno. Pedi zenye nyuzi nyingi za chuma hushika kutu na kugandana na diski gari likisimama siku kadhaa kwenye unyevu. Asubuhi unatoa gari chini ya makuti, unasikia "tak!", na diski inabaki na alama nyeusi yenye umbo la pedi. Alama hiyo ndiyo inayotetemesha usukani baadaye, na watu husema diski imepinda. Mara nyingi haikupinda. Imebaki na doa, au kutu imekaa kati ya diski na habu, yaani kitovu cha gurudumu, na kuikalisha upande. Mazda inaruhusu diski kuyumba 0.1 mm tu, na ganda la kutu kwenye habu linazidi hapo kirahisi. Isugue habu kwa brashi ya waya mpaka ing'ae kabla ya diski mpya kukaa.

Kwa matumizi ya Malindi chukua pedi za kawaida za barabarani, za kauri ukizipata. Za mashindano zinataka zipate moto ndipo zishike, na kwenye foleni ya Barabara ya Lamu haziwezi kuupata. Diski zenye matundu ya kutoboa tungeziacha dukani. Matundu yanajaa chumvi na mchanga, na nyufa zikianza huanzia kwenye ukingo wa tundu. Diski laini iliyopakwa rangi au zinki sehemu ya katikati na pembezoni ndiyo ya pwani. Upepo wa kusi ukivuma, chumvi inatua kwenye kila kitu, na diski isiyopakwa inaota kutu pembeni mpaka inaanza kumeguka magamba.

Kukereza diski kuukuu kwa mashine kunaonekana rahisi, lakini hesabu haikubali. Ya mbele ya 1.6 ni 18 mm ikiwa mpya na mwisho wake ni 16. Ya 1.8 ni 20, mwisho 18. Ya nyuma ni 9, mwisho 8. Diski iliyotumika imeshakula milimita moja kabla haijafika kwa mkerezaji. Pima kwa venia, kile kipimo cha taya cha milimita, katikati ya njia ya pedi, usipime ukingoni, maana ukingo una mdomo ambao pedi haikuugusa na utakudanganya kwa milimita nzima.

Mipira ni jambo jingine. Roadster ina minne, mmoja kila gurudumu. Mpira wa asili uliofikisha miaka mingi hufura ndani, na nje ukabaki mzuri tu. Ukifura unakuwa kama mlango wa upande mmoja: mguu unasukuma mafuta yapite kwa nguvu, lakini yakitaka kurudi hayana njia. Gurudumu hilo linabaki limeshikwa, linanuka, rimu inaungua mkono. Fundi anabadili kalipa, hali inabaki vile vile. Dalili ya kutofautisha ni hii: gurudumu likiwa limeshika, legeza skrubu ya upepo kwenye kalipa. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, kosa liko kwenye mpira. Lisipoachia, kalipa au pini zake zimekwama.

Mipira ya waya, kwa mfano ya Goodridge, ina mrija wa plastiki ngumu ndani ambao haufuri, na pedali inakuwa imara zaidi chini ya mguu. Tunaipenda kwa sharti moja: iwe na ngozi ya plastiki juu ya waya. Ile iliyo wazi inakusanya mchanga kati ya nyuzi, na mchanga unasaga taratibu mahali usipoona. Ukishaifunga, geuza usukani mwisho kushoto na mwisho kulia huku gurudumu likining'inia, kisha likiwa limebeba gari. Mpira usiguse kitu wala usikazike. Kila mwisho wa kwenye kalipa una boliti yenye tundu na wosha mbili za shaba, kwa hiyo gari zima ni wosha nane. Za zamani usizirudishe. Kaza 22 hadi 29 Nm (kipimo cha nguvu ya kukazia), usizidishe, boliti hiyo ni tupu ndani na inakatika.

Tuje kwenye mafuta, mahali ambapo pesa kidogo inafanya kazi kubwa. Mafuta ya breki ya DOT 3, DOT 4 na 5.1 hunyonya maji kutoka hewani, na maji hayo hupenya hata kwenye mipira na mfuniko wa kopo la masta. Ndiyo maana kila daraja lina viwango viwili vya kuchemka: makavu, na yaliyokwisha kunyonya maji asilimia 3.7. DOT 3 ni nyuzi 205 na 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanwa, na pedali inazama bila kitu. Hewa ya hapa ina unyevu mwaka mzima. Badili kila mwaka, usingoje miwili inayoandikwa kwenye vitabu vya nchi kavu.

Mafuta ya chapa ya ATE TYP 200 yana 280 makavu na 198 yakiwa na maji, na kwa anayeshuka milima au anayekimbiza ni mafuta mazuri sana. Kwa mwingine, DOT 4 ya kawaida iliyobadilishwa kila mwaka inashinda ya bei kubwa iliyosahauliwa mitatu. Nunua makopo ya nusu lita yenye karatasi ya fedha chini ya kizibo na stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, mawili. Lile lililofunguliwa mwezi uliopita na kuachwa kwenye rafu ya gereji usilikubali hata la bure. Na DOT 5, ile ya silikoni, isiingie kabisa kwenye gari hili: haichanganyiki na mengine, wala haichanganyiki na maji, kwa hiyo maji yanayoingia yanakaa peke yake chini kwenye kalipa na kula chuma.

Kalipa za nyuma ndizo ugonjwa wa Roadster, na pwani ugonjwa huo unakomaa haraka. Zinabeba breki ya mguu na breki ya mkono kwa pamoja, na pini zake hukauka. Pistoni ya nyuma hairudishwi kwa kubanwa na jiliwa kama ya mbele. Nyuma ya kalipa kuna boliti ya 14 mm iliyo kama kizibo. Ing'oe, ndani utaona tundu la alenki (ufunguo wa pembe sita) ya 4 mm. Zungusha kinyume cha saa, pistoni inarudi ndani. Anayeibana kwa nguvu bila kujua hili anavunja utaratibu wa ndani, na hapo kalipa nzima inakwenda.

Pedi zikishakaa, zungusha alenki kwa mwendo wa saa mpaka diski isizunguke kwa mkono, kisha rudisha theluthi moja ya duru. Theluthi, si duru nzima. Upande mmoja, halafu wa pili, ndipo ushike waya wa breki ya mkono. Hatua hii inachukua dakika kumi na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Ikirukwa, kila kanyago linatumia safari yake ya kwanza kuisogeza pistoni ya nyuma iziguse pedi, na mwenye gari anadhani kuna upepo. Anatoa upepo mara tatu, anamaliza lita mbili za mafuta, pedali bado iko chini.

Grisi ya pini iwe ya silikoni au ile maalumu ya breki. Grisi ya kawaida ya magurudumu inafurisha mipira ya pini, na baada ya miezi michache pini imebanwa zaidi ya ilivyokuwa.

Sasa kutoa upepo. Usiku wa kuamkia, pulizia mafuta ya kutu kwenye skrubu zote nne. Asubuhi tumia soketi ya pembe sita, igongegonge skrubu kwa nyundo ndogo, kisha ijaribu. Spana ya mdomo wazi ndiyo inayokula kona, na skrubu iliyokatika ndani ya kalipa ni siku nzima imepotea. Vuta mafuta machafu kwenye kopo la masta kwa sindano safi, futa tope la chini kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, jaza mapya. Weka ndoo ya maji karibu. Mafuta ya breki yakimwagika kwenye rangi yanaivua, na dawa yake ni maji mengi papo hapo, kufuta kwa tambara kunayasambaza tu.

Anzia gurudumu lililo mbali na masta. Magari yetu ya usukani wa kulia yana masta upande wa kulia, basi mpango ni nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Kitabu cha gari la usukani wa kushoto, ndicho kinachosambaa mtandaoni, kinageuza pande. Mrija uwe unaona ndani, mwisho wake umezama kwenye mafuta kidogo ndani ya chupa, na utoke kwenye skrubu ukipanda juu kabla ya kushuka, ili povu lipande lenyewe. Chini ya pedali weka kipande cha ubao. Masta ya zamani ina kutu na uchafu sehemu ambayo pistoni haijawahi kufika, na kuikanyaga mpaka sakafuni kunazipeleka sili, mipira yake ya kuzibia, kwenye uchafu huo na kuzichana.

Njia ya watu wawili bado ni nzuri kama wanaelewana. Mmoja chini: "Pampu." Mguu unakanyaga mara tatu, polepole. "Shika hapo." "Nimeshika, fundi." Skrubu inafunguliwa robo duru, povu linatoka, pedali inashuka mpaka kwenye ubao. "Usiachie!" Skrubu inafungwa. "Achia." Kosa moja tu linaharibu kazi yote: mguu kuinuka kabla skrubu haijafungwa, hewa inarudi ndani kwa njia ile ile. Nyuma toa kama mililita 200 kila upande, mbele 150, na angalia kopo kila baada ya mikanyago minane hadi kumi. Likikauka, umerudi mwanzo. Skrubu inakazwa 6 hadi 9 Nm tu, kisha kofia yake ya mpira irudishwe. Kofia hiyo ni ya bei ya peremende, na bila hiyo skrubu haitafunguka mwaka ujao.

Gunson Eezibleed, ile chupa ya presha tuliyoitaja mwanzoni, inayochukua upepo kutoka kwenye tairi ya akiba, inamwezesha mtu mmoja kufanya kazi peke yake, na kopo halikauki kwa sababu chupa inalijaza yenyewe. Tairi lazima ipunguzwe upepo, isizidi psi 20 (kipimo cha presha ya upepo). Kwa Roadster tungekaa karibu na 10, kwa kuwa kopo la plastiki la miaka thelathini limekakamaa. Udhaifu wake uko kwenye mfuniko: ukikaa upande kidogo, mafuta yanaruka juu ya rangi. Ufunge kwanza bila mafuta, uusikilize kama unapuliza, ndipo umwage. Ukiheshimu hilo ni chombo cha thamani yake. Pampu ya kuvuta kutoka upande wa kalipa haikutushawishi. Inavuta hewa kupitia hesi za skrubu, unaona povu lisilokwisha na hujui lini umemaliza.

Ukiwa hapo, toa pia mafuta ya klachi. Ina kopo lake dogo, inakunywa DOT hizo hizo, na silinda yake ya chini haina maisha marefu kwenye gari hili.

Pedali yenyewe itakwambia kama kazi ni safi. Ikiwa laini na inaruka kama sponji, kuna upepo. Ikiwa inashuka sana lakini mwisho wake ni mgumu, rudi kwenye alenki ya nyuma. Ikiwa ngumu kisha inazama taratibu ukiishikilia, sili ya masta imechoka au kuna mahali panavuja. Na ikiwa sponji haiondoki hata baada ya lita moja, inama uangalie skrubu ya upepo iko wapi kwenye kalipa. Lazima iwe juu. Ikiwa chini, kalipa ya kulia imefungwa kushoto na ya kushoto kulia. Zinaingia bila kulalamika, boliti zinakaa, lakini hewa imekaa juu na tundu liko chini. Ukipuliza mpaka kesho haitoki.

Gereji za Malindi zinaweza kazi hii. Kutoa skrubu iliyoganda, kukunja bomba jipya la breki na kupiga mdomo wake, hayo mafundi wa hapa wanayafanya vizuri kuliko wengi wa mjini mkubwa, kwa sababu kutu imewafunza. Wakiomba kubadili bomba la chuma lililooza nyuma ya vishikizo, kubali, na uombe la shaba iliyochanganywa na nikeli, halioti kutu. Utakachokosa ni spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Nenda na yako, au azima. Boliti za breketi za mbele ni 49 hadi 69 Nm, nati za magurudumu 88 hadi 118. Diski na breketi hutazipata hapa, utaagiza Mombasa au Kirinyaga Road, Nairobi, na mara nyingi kutoka nje.

Kuzoesha pedi, toka alfajiri kabla matatu hazijaamka, vuka daraja la Sabaki kuelekea Gongoni, na tafuta kipande kisicho na tuta wala mbuzi. Kutoka 60 hadi 15 kwa kanyago la wastani, mara nane hadi kumi, bila kusimama kabisa, halafu endesha dakika kumi bila kugusa breki. Ukisimama na pedi za moto zimebana, zinaacha chapa yake kwenye diski na mtetemo unaanza siku ya kwanza. Rudi nyumbani, usivute breki ya mkono, weka gari kwenye gia. Sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Kulia na kushoto zilingane. Moja ikiwa ya moto peke yake, pini au mpira wa upande huo urudiwe kabla ya kulala. Baada ya kilomita 200 kaza tena nati za magurudumu, na uangalie kopo la mafuta: likishuka, tafuta wosha ya shaba inayovuja.